Gunia la Mpunga na Kotapini

Anayetaka kujua kwa nini Ifakara ina baiskeli nyingi aitazame ardhi yenyewe. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na katikati yake ni tambarare ambayo maji huifunika kila masika. Eneo hilo la mafuriko, karibu kilomita za mraba 8,000, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zinazotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Tambarare hiyohiyo ndiyo inayotoa mpunga, na ndiyo inayomwezesha mtu asiye na gari kwenda mbali bila kupanda mlima. Familia nyingi zina nyumba mjini au kijijini kando ya barabara, ilhali shamba liko mbali, ndani bondeni, mahali ambapo msimu ukifika watu huhamia na kukaa hukohuko mpaka mavuno. Kati ya nyumba na shamba, kati ya shamba na mashine ya kukoboa, kati ya mashine na stesheni ya TAZARA, ipo kazi ya kubeba ambayo lori haliifikii na kichwa cha mtu hakiiwezi. Baiskeli ndiyo inayoibeba.

Na baiskeli hiyo, mara nyingi, ni ya bei nafuu: fremu nyeusi ya chuma, tairi za inchi 28, keria nyuma, umbo lililoanzia kwa Raleigh wa Uingereza na kuigwa miaka mingi na viwanda vya India na China. Hata Swala yetu, iliyoundwa Dar es Salaam enzi za mashirika ya umma, ilikuwa ya ukoo huo. Malalamiko juu ya baiskeli mpya ya namna hii yanafanana kila mahali: haijamaliza msimu inalia, pedeli inacheza, gurudumu linayumba, na mwenye nayo anasema chuma cha siku hizi ni bati tupu. Husindikizwa na msemo wa "rahisi ghali", na mjadala huishia hapo. Msemo una ukweli wake, ila kwa baiskeli unaipeleka lawama mahali pasipo pake. Baiskeli ya bei nafuu huanza kufa kwenye maungio, muda mrefu kabla chuma chake hakijashindwa. Kulegea ndiko kunakozaa kuvunjika, na kulegea huko huanza katika wiki za mwanzo, wakati mwenye baiskeli bado anaiona mpya na haoni la kumpelekea fundi. Fedha aliyodhani ameiokoa dukani bado ni deni, na deni hilo hulipwa kwa spana mapema au kwa vipuri baadaye.

Tuanze na kile kinachouzwa. Baiskeli hizi husafirishwa zikiwa vipande ndani ya maboksi, kisha hufungwa dukani au nje ya duka, haraka, kwa sababu anayezifunga hutazama idadi atakayomaliza kwa siku. Kiwandani kwenyewe, mahali pa kubana gharama si pengi. Mabomba ya fremu ni chuma cha kawaida, na mtengenezaji akiyapunguza mno baiskeli itakunjika mbele ya mnunuzi, aibu ambayo hakuna anayeitaka. Kinachopunguzwa ni muda na usahihi: ugumu wa nyuso ambazo gololi zinapita juu yake, ulaini wa nyuzi za nati, grisi iliyopakwa kidogo kama mafuta ya kujipaka, spoki zilizokazwa nusunusu na kuachwa hivyo. Yote hayo hayaonekani kwa macho. Mnunuzi anapiga kengele, anaminya tairi, anainua gurudumu la nyuma na kulizungusha, linazunguka, analipa.

Kiungio kinachosema ukweli mapema kuliko vyote ni pale mkono wa pedeli unapokutana na ekseli ya kati. Katika baiskeli za mtindo wa zamani, mkono huo hushikwa na kotapini, kipini cha chuma kisichofika unene wa sentimita moja, chenye ubavu mmoja uliochongwa bapa ili kiingie kama kabari na kulala juu ya mkato ulio kwenye ekseli. Hesabu yake inastahili kufanywa taratibu. Mkono wa pedeli una urefu wa kama sentimita 17. Mtu wa kilo 65 akisimama juu ya pedeli, uzito wake wote unaning'inia kwenye ncha ya mkono. Ncha ya pili imeishika ekseli ambayo kutoka kitovuni hadi ukingoni ni kama milimita 8 tu. Ukigawanya 17 kwa 0.8 utaona kwamba nguvu inazidishwa zaidi ya mara 20. Kilo 65 za mtu zinapofika kwenye kotapini zimekuwa zaidi ya tani moja. Na hazifiki mara moja: anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika anaipiga teke mara 3,600 kwa kila mguu katika saa moja, na nguvu ya mguu wa kushoto haina budi kupita maungio mawili, la kushoto na la kulia, kabla ya kuifikia cheni.

Kotapini iliyokaa sawasawa inaubeba mzigo huo kwa ubavu wake wote, na chuma cha kawaida kinatosha kabisa. Kotapini iliyochongwa vibaya, au iliyopigwa nyundo mbilitatu na kuachwa, inagusa kwa kona moja. Kona hiyo inapondeka. Ikishapondeka pana nafasi, hata kama ni nyembamba kuliko karatasi, na kuanzia hapo kila teke ni pigo la nyundo: ko, ko, ko, mara moja kwa kila mzunguko. Wengi husikia mlio huo na kuuzoea, wengine hukaza nati ya kotapini na kushangaa kwamba imekatika. Nati ile haikuwekwa kuvuta kipini. Kazi yake ni kukizuia kisirudi nyuma. Kinachokikaza kipini ni pigo, na pigo lenyewe linataka chuma kizito kiegemezwe chini ya mkono, la sivyo nguvu ya nyundo inapita moja kwa moja kwenye gololi za ekseli na kuzitoboa vishimo njia zake. Fundi anayeegemeza chuma kabla ya kupiga ameshajitambulisha, huna haja ya kumuuliza amefanya kazi hiyo miaka mingapi. Akishamaliza, baiskeli iendeshwe kilomita chache, irudi, kipini kipigwe tena. Safari hiyo ya pili ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika baiskeli ya gurudumu moja, ile ya wanasarakasi. Haina cheni wala friwili, na mikono ya pedeli imefungwa kwenye ekseli ya gurudumu lenyewe. Mwendeshaji anasukuma mbele ili aende, anasukuma kinyume ili apunguze mwendo, na muda wote anarekebisha mizani kwa kusukuma huku na kule, kwa hiyo kiungio kinapigwa pande zote mbili bila kupumzika. Ndiyo maana aina za bei nafuu hulegea mikono kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Zina ugonjwa mwingine unaochekesha kidogo: mtu akilifunga gurudumu likatazama nyuma, pedeli ya kushoto inakuwa kulia, na mwendo wenyewe unaanza kuzifungua zote mbili. Sababu ni kwamba pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha saa, ili mwendo wa kila siku uikaze badala ya kuifungua. Ndugu Wright, walewale wa ndege, walikuwa na karakana ya baiskeli huko Dayton, Marekani, na mwaka 1900 walikuwa wakiuza pedeli za namna hii. Zaidi ya karne imepita, na bado nyuzi za mkono wa kushoto zinasagwa kila siku na mtu aliyekaza upande usio wake kwa nguvu zote. Baiskeli ya magurudumu mawili huficha makosa haya kwa muda, kwa kuwa friwili huipumzisha. Haiyafuti.

Aina nyingine zinazouzwa sasa hazina kotapini. Mkono una tundu la pembe nne linalovikwa kwenye ekseli yenye pembe nne na kubanwa kwa nati au boliti. Hapa hukumu ni kali zaidi. Mkono mara nyingi ni wa chuma laini kuliko ekseli, na mtu akiuendesha ukiwa umelegea kwa siku chache, pembe za tundu hulika na kuwa duara. Tundu likishakuwa duara, hakuna spana duniani itakayolirudishia pembe zake. Wapo wanaojaza kipande cha kopo la soda katikati, na inashika, mpaka jioni. Mkono ule ule ungekazwa siku ya kwanza, na ukakazwa tena baada ya wiki, ungedumu miaka. Chuma hakikubadilika.

Magurudumu yanasimulia habari hiyohiyo kwa lugha nyingine. Gurudumu la inchi 28 hupiga mzunguko mmoja kila mita 2 na kidogo, maana yake ni mizunguko karibu 450 kwa kilomita. Katika kila mzunguko, kila spoki inapofika chini inalegezwa kidogo na uzito, kisha inavutwa tena inapopanda. Safari ya kilomita 20 ni karibu mara 9,000 kwa spoki moja. Spoki iliyokazwa vizuri haidhuriki na hilo, kwa sababu hata ikilegezwa bado imevutika. Spoki iliyo legevu inafika mahali haivutiki kabisa, halafu inanyakuliwa ghafla, na mkunjo wake pale inapoingia kwenye habu unapindwa na kunyooshwa kama waya unaotaka kukatwa kwa mkono. Ndipo inapokatika, na ndipo mwenye baiskeli anapolaumu gunia. Gunia la mpunga lililojaa, la kilo 80 au 100, ni mzigo kweli, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ni dhuluma kwa baiskeli kama ilivyo kwa mkulima. Lakini waliobuni baiskeli hizi walijua mzigo unakaa nyuma, ndiyo maana gurudumu la mbele la mtindo wa zamani lina spoki 32 na la nyuma 40. Spoki 40 zinazovutana sawa zinabeba gunia. Spoki 40 ambazo 15 kati yake zinalia ovyo ukizigusa zinabeba kwa 25 tu. Na kuzipima hakuhitaji chombo: zishike mbilimbili, ziminye, usikilize.

Kisha kuna maji na vumbi, na hapa Kilombero haifanani na mahali barabara za lami zilipo. Wakati wa masika njia za mashambani huzama, na baiskeli husukumwa ndani ya maji yanayofikia habu. Maji yakiingia kwenye habu au ekseli ya kati hayatoki kwa urahisi. Yanaosha grisi kidogo iliyokuwemo, yanaacha tope laini, na kutu inaanza usiku huohuo. Kiangazi kikija, vumbi linashikana na mafuta na kuwa kama unga wa kunolea visu. Baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na vitundu vya kutilia mafuta kwenye habu, vyenye vifuniko, na aliyekuwa nayo alijua kwamba kutia mafuta ni sehemu ya kuimiliki. Nyingi za sasa hazina vitundu hivyo, na watu wamechukulia kwamba hazihitaji. Zinahitaji kufunguliwa. Kwa bonde hili, mara mbili kwa mwaka ni kiasi cha haki: kabla ya mvua kubwa na baada ya maji kukauka, gololi zitolewe, zioshwe kwa mafuta ya taa, zihesabiwe, grisi mpya ijazwe bila ubahili. Cheni nayo ipimwe kwa rula ya shule yenye inchi 12. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja. Katika cheni nzima, pini nyingine itaangukia hasa kwenye inchi 12. Ikiwa imepita kwa sehemu ya nane ya inchi, cheni imekwisha, na kuiacha ni kuitumia kusaga meno ya gia, ambayo bei yake ni kubwa kuliko cheni.

Atakayepinga atasema haya yote ni kumtetea mtengenezaji mbovu. Chuma laini ni chuma laini, ukaze usikaze. Ana haki nusu. Ziko sehemu ambazo hazifai tangu boksini: kotapini laini kiasi cha kupindika kwa nyundo, pedeli za plastiki zisizo na gololi za maana, vikombe vya gololi ambavyo havikugumishwa na vinachimbika kwa mwezi. Hizo zibadilishwe mara moja. Lakini ziangalie: zote ni sehemu ndogo, zote ziko kwenye maungio, na zote huuzwa mojamoja. Ushahidi mwingine unatoka kwa waliojaribu kutengeneza baiskeli nzuri kwa ajili ya barabara zetu. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lina baiskeli iitwayo Buffalo, ambayo huunganishwa pia Kisumu, na keria yake imepangiwa kilo 100. Ukiitazama kwa mbali ni baiskeli ya kawaida ya gia moja. Tofauti iko kwenye spoki nene, keria yenye nguvu, na breki iliyofichwa ndani ya habu ya nyuma mahali ambapo matope hayaifikii. Waliokuwa na fedha za kuboresha walizipeleka hasa kwenye sehemu ambazo mkulima wa Ifakara anaweza kuzishughulikia moja baada ya nyingine.

Pingamizi la pili ni la mtumba. Kwa nini mtu anunue mpya dhaifu wakati baiskeli zilizotumika Japani zinapatikana, zenye habu laini na rangi isiyobanduka? Hoja nzuri, na kwa mwalimu au muuguzi anayekwenda kazini na mkoba wake ni jibu zuri vilevile. Kwa gunia, sivyo. Baiskeli ya mjini Japani imebuniwa kubeba mtu na kikapu cha mboga juu ya lami. Vipimo vya tairi na rimu zake vinatofautiana, na ikivunjika rimu huko bondeni, mwenye nayo atazunguka maduka akitafuta namba ambayo hakuna aliyeiagiza. Baiskeli nyeusi ya inchi 28 ina fadhila moja kubwa kuliko ubora: vipuri vyake viko kwenye kila duka dogo, na kila fundi aliyekaa chini ya mwembe na beseni la maji anaijua. Kitu kinachotengenezeka karibu na shamba kina thamani kuliko kitu bora kisichotengenezeka.

La tatu ni zito kuliko yote mawili, nalo ni kwamba mkulima hana nafasi wala fedha ya kumwona fundi wakati baiskeli haijaharibika. Mavuno hayasubiri, na shilingi iliyopo ina wenyewe tayari. Wengine huongeza kwamba pikipiki imekwishamaliza mjadala, hasa tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 na pantoni ikaacha kuwa mlango pekee wa kwenda Ulanga na Malinyi. Bodaboda kweli imechukua abiria na mizigo ya haraka. Ila bodaboda inadai petroli kila siku, mvuno uwe mzuri au mbaya, na kwa gunia moja kutoka shamba lililo mbali nauli hiyo inakula faida. Kuhusu nafasi, hesabu ni ya kalenda. Hitilafu haichagui siku tulivu. Kotapini hukatika chini ya mzigo, na mzigo uko wakati wa mavuno. Anayekataa nusu saa ya fundi mwezi Januari hajaikwepa, ameihamishia Juni, njiani, gunia likiwa juu na giza likiingia, na huko nusu saa hiyo inakuwa siku nzima ya kusukuma. Na kwa fedha, ukaguzi wa kwanza ni kazi ya mkono tu, bila kipuri, na kazi ya mkono ndiyo rahisi kuliko kila kitu kinachouzwa kwenye kibanda cha fundi.

Wauzaji nao wana lao. Duka linaloifunga baiskeli mbele ya mnunuzi, likaegemeza chuma chini ya mkono wa pedeli, na kumwambia arudi baada ya wiki moja kukaziwa bure, halitafilisika kwa grisi na dakika 20. Mnunuzi anaweza kuanza kulidai hilo kabla ya kutoa fedha, na anaweza kuipima baiskeli palepale mlangoni. Aisimamishe, mkono mmoja wa pedeli uelekee mbele na mwingine nyuma, aziminye breki, kisha asimame kidogo juu ya pedeli ya mbele. Azungushe nusu duara, arudie kwa pedeli ya pili. Mkono ukishuka hata unywele mmoja kabla ya cheni kukaza, kotapini haijakaa, na baiskeli irudi kwa aliyeifunga ikiwa bado dukani.